Kusimamia bustani, bwawa na viwanja vya umma Arusha: mwongozo kamili wa kazi ya kila siku

Eneo la umma huharibika kwa mpangilio unaojulikana. Kwanza bomba moja linavuja na hakuna anayelifunga. Nyasi za pale zinageuka tope, watu wanakata njia mpya kulikwepa tope, ua unabomoka, bodaboda wanapata kivuli cha kuegesha. Mwaka ukiisha mtu anasimamisha kibanda na kusema hapa palikuwa pori. Ukarabati mkubwa wa mara moja hauzuii haya. Yanazuiwa na mtu anayejulikana kwa jina, anayefika kabla ya saa moja asubuhi akiwa na daftari na spana ya bomba.

Mwongozo huu ni kwa afisa wa halmashauri, mtendaji wa kata au kamati iliyokabidhiwa bustani, bwawa la kuogelea au uwanja wa michezo katika Jiji la Arusha. Wenzetu wa Moshi watautumia vilevile, wakikumbuka kwamba mji wao uko chini zaidi na una joto zaidi, hivyo nyasi na bwawa vitataka maji mengi kuliko tulivyoandika hapa.

Jua unachosimamia, na kinaishia wapi

Wiki ya kwanza usinunue kitu. Tembea kwa miguu ukiwa na mchoro wa mipango miji wa eneo, mtu wa ardhi na mjumbe wa mtaa. Tafuta bikoni, yaani mawe ya mpaka ya mpima, moja baada ya nyingine. Zilizofukiwa zifukueni, zilizong'olewa ziandikwe ili mpima azirudishe. Eneo la wazi lisilo na bikoni ni kiwanja kinachosubiri mnunuzi, na ukishaanza mgogoro utatumia miaka mahakamani kwa jambo ambalo lingemalizwa na mawe manne.

Mpaka ukishajulikana, panda michongoma upande usio na lango, mche mmoja kila sentimita 30, safu mbili zilizopishana. Panda mvua za Machi zinapoanza. Ikikatwa kila baada ya miezi miwili inakuwa ukuta ambao hauhitaji saruji wala hauibwi kama wavu wa waya.

Kwa maeneo yaliyo kando ya Themi, Naura na mito mingine inayokatiza jiji, kumbuka Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004: ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto hairuhusiwi shughuli ya kudumu ya kibinadamu, wala ile inayoweza kuharibu mazingira ya mto. Ukanda huo uache na miti, nyasi na njia ya miguu. Vyoo, mabanda ya biashara na maegesho vikae nje yake.

Kisha hesabu mali: kila bomba, kila taa, kila benchi, kila bembea, kila chemba. Ipe kila kitu namba ya rangi, na kwa kila kimoja andika hali yake na mwaka kilipowekwa kama unajulikana. Daftari hili ndilo litakalokuokoa wakati wa bajeti. "Tunaomba fedha za ukarabati" ni ombi linalokatwa kalamu. "Bembea namba 4 na 5 minyororo imelika, mita 8 zinahitajika" ni ombi linalojibiwa.

Bwawa la kuogelea

Hapa tutakaa muda mrefu, kwa sababu bwawa ndilo pekee kati ya mali zako linaloweza kuua mtu mchana kweupe huku watu hamsini wakitazama.

Tuchukue bwawa la urefu wa mita 25, upana mita 12.5, kina cha wastani mita 1.5. Lina mita za ujazo 469 za maji. Tuseme 470, yaani lita 470,000. Piga hesabu ya bwawa lako na uiandike kwa rangi kwenye ukuta wa chumba cha pampu, kwa kuwa vipimo vyote vya dawa vinatoka kwenye namba hiyo. Likiwa nusu ya hili, gawa kwa mbili kila kipimo kitakachofuata.

Maji yote yapite kwenye chujio kila baada ya saa 6, na kwenye bwawa la watoto wadogo kila baada ya saa 1 au 2. Kwa bwawa letu hiyo ni mita za ujazo 78 kwa saa. Chujio la mchanga hufanya kazi vizuri likipitisha takriban mita za ujazo 25 kwa saa kwa kila mita ya mraba ya uso wa mchanga, kwa hiyo unahitaji mita za mraba 3 na ushee: machujio mawili yenye kipenyo cha mita 1.4. Kosa linalojirudia ni kufunga pampu kubwa kwenye chujio dogo ili "maji yazunguke haraka". Maji yakipita kwa kasi huchimba njia kwenye mchanga, na uchafu unarudi bwawani ulivyo.

Pampu isizimwe usiku ili kubana matumizi. Mota ya kilowati 5.5 inakula uniti 132 kwa siku, na namba hiyo lazima iwe kwenye bajeti tangu mwanzo. LUKU ikiisha saa nane usiku, ifikapo asubuhi klorini imeshuka na ukijani umeanza kushika pembeni. Weka mtu mmoja mwenye jukumu la kuangalia salio la uniti kila Jumatatu na Alhamisi. Umeme ukikatika na kurudi, usiwashe pampu ukaondoka: fungua kikapu cha nywele na majani, hakikisha kimejaa maji, funga mfuniko na utazame kioo chake mpaka mapovu yaishe. Pampu inayovuta hewa huunguza sili yake kabla hujamaliza kunywa chai.

Na kama una mashine ya kudondosha klorini, iunganishwe ili izimike pampu inapozimika. Klorini na asidi zikiendelea kudondoka kwenye bomba lenye maji yaliyosimama huzalisha gesi, na pampu ikiwashwa gesi hiyo inatokea puani mwa watoto.

*Kupima maji*

Pima kabla ya kufungua, saa 6 mchana, saa 9 alasiri na baada ya kufunga. Chukua sampuli kina cha kiwiko, mbali na tundu linaloingiza maji. Tumia kipimo cha vidonge vya DPD, dawa inayogeuza sampuli kuwa waridi kadiri ya klorini iliyomo. Kile cha matone yanayogeuka njano hupima klorini yote kwa jumla na hakikuambii iliyo hai ni kiasi gani.

Viwango ni hivi: klorini huru, yaani ile iliyo hai, miligramu 1 hadi 3 kwa lita, pH (kipimo cha uasidi wa maji) 7.2 hadi 7.6, alkali miligramu 80 hadi 120 kwa lita. Klorini iliyofungwa, yaani tofauti ya klorini ya jumla na klorini huru, isizidi 0.4.

Kuna mtego mmoja kwenye kichupa cha DPD ambao kila mhudumu mpya aonyeshwe kwa macho yake. Weka kidonge kwenye maji yenye klorini ya kawaida: yanageuka waridi. Yenye klorini nyingi zaidi: waridi iliyokolea. Sasa weka kwenye maji yenye klorini kupita kiasi: waridi inapita kama kivuli, sekunde chache tu, kisha maji yanakuwa meupe kabisa. Asiyejua ataandika sifuri na kumwaga dawa nyingine. Ukiona weupe, changanya sehemu moja ya maji ya bwawa na sehemu tisa za maji yasiyo na klorini, pima tena, zidisha kwa kumi. Klorini ikizidi sana hata kipimo cha pH hudanganya, kinageuka zambarau.

*Kutia dawa*

Unga wa klorini wa asilimia 65: kupandisha miligramu 1 kwa lita kwenye bwawa letu unahitaji gramu 720. Ukipima 0.5 na unataka 2.5, hiyo ni kilo moja na nusu hivi. Jaza ndoo maji kwanza, ndipo umimine unga taratibu, kilo moja kwa lita 15 au zaidi. Koroga kwa mti mkavu, acha nusu saa mashapo meupe yatulie, mwaga maji ya juu kuzunguka bwawa lote baada ya waogeleaji kutoka. Mashapo ni chokaa. Ukiyamwaga yanaishia kwenye mchanga wa chujio na kuugandisha kama zege. Kamwe usimwage maji juu ya unga.

Vidonge vikubwa vinavyoyeyuka polepole vinapendwa kwa sababu havina kazi. Lakini kila vinapoongeza miligramu 10 za klorini vinaacha miligramu 6 za asidi ya sayanuriki, ambayo mafundi huiita stebilaiza. Kiasi kidogo chake, miligramu 30 hivi kwa lita, kinafaa kwa bwawa la wazi kwa sababu jua letu la saa sita linaweza kumaliza zaidi ya nusu ya klorini isiyo na kinga ndani ya saa mbili. Ila haipungui. Baada ya miezi kadhaa ya vidonge inapita 100, klorini inaonekana ipo kwenye kipimo lakini haiui kitu, bwawa linageuka kijani huku daftari likisema kila kitu sawa. Dawa yake ni moja tu: kumwaga maji na kujaza mapya. Katika mji ambao maji ya bomba huja kwa mgao hiyo ni hasara unayoweza kuikwepa, kwa kutumia unga kama dawa kuu na vidonge kwa dharura.

Alkali ikishuka, pH hupanda na kushuka ovyo. Kilo 8 za baikaboneti ya soda huipandisha kwa miligramu 10 kwa lita. Usitumie magadi ya sokoni, yale ya kulainishia maharage. Yana udongo, chumvi na floraidi. Kushusha pH tumia asidi ya haidrokloriki: asidi imiminwe kwenye maji, si maji kwenye asidi, na mhudumu avae miwani, glavu na buti. Asidi ikae chumba chake na klorini chake. Zikikutana zinatoa gesi ya sumu. Aina mbili za klorini nazo zisichotwe kwa kopo moja, kwa maana unga na vidonge vikigusana vinaweza kuwaka.

Waogeleaji wakilalamika macho yanawasha na harufu ya klorini ni kali, wengi hupunguza dawa. Ni kinyume chake. Harufu hiyo inatoka kwenye klorini iliyofungwa na jasho na mkojo, maana yake klorini hai imeelemewa. Funga bwawa jioni, zidisha kiasi cha klorini iliyofungwa kwa kumi na utie kiasi hicho. Ikiwa ni 0.6, unahitaji miligramu 6 kwa lita, yaani kilo 4.3 za unga. Asubuhi pima upya, na usifungue mpaka klorini huru ishuke kwenye kiwango chake. Kisha rudi kwenye chanzo: mabafu yenye maji na sabuni kabla ya kuingia, na mtu wa kuhakikisha yanatumika.

Mtoto akijisaidia bwawani, toa watu wote. Kinyesi kigumu: kitolewe kwa wavu, klorini iwe angalau miligramu 2, pH isizidi 7.5, subiri nusu saa. Cha kuhara ni jambo jingine kabisa, kwa sababu kuna vimelea vinavyostahimili klorini ya kawaida kwa siku kadhaa. Pandisha hadi miligramu 20 kwa lita, kilo 14 na nusu za unga, udumishe kwa saa 12 na dakika 45 huku pampu ikizunguka, kisha osha chujio na maji hayo yaende kwenye maji taka. Muda huo ni kwa maji yasiyo na stebilaiza. Ikiwemo, muda unakuwa zaidi ya mara mbili, na mara nyingi itabidi upunguze maji kwanza.

*Kuosha chujio*

Andika geji ya chujio inasoma ngapi likiwa safi. Ikipanda kwa bar 0.5 juu ya hapo, ni wakati wa kulirudisha maji nyuma, kazi ambayo mafundi wanaiita bakwoshi. Zima pampu kabla ya kugeuza valvu. Anayegeuza pampu ikiwa inafanya kazi anapasua gaski ya ndani. Rudisha maji dakika 3 hadi 5, mpaka kioo kiwe angavu, kisha suuza nusu dakika. Miezi ya vumbi, Agosti hadi Oktoba, utafanya hivi mara nyingi zaidi. Maji hayo yasielekezwe mtoni. Klorini inaua samaki. Yaweke kwenye tenki la wazi siku tatu, yapime, yakiwa hayana klorini mwagia miti.

Kiwango cha maji kikishuka, usimwite fundi kabla ya jaribio la ndoo. Jaza ndoo maji ya bwawa, iweke kwenye ngazi ya kuingilia ili ikae majini, weka alama ya penseli kiwango cha ndani ya ndoo na cha nje yake, subiri saa 24. Vikishuka sawasawa, hilo ni jua na upepo. Milimita 5 kwa siku ni jambo la kawaida msimu wa kiangazi, nazo ni lita 1,600 kwa bwawa letu. Cha nje kikishuka zaidi, bwawa linavuja.

*Watu majini*

Ruhusu mtu mmoja kwa kila mita 3 za mraba za uso wa maji: watu 104 kwa bwawa hili, na pungufu kama chujio ni dogo. Waokoaji wawili kwa uchache, kila mmoja juu ya kiti kirefu upande wake, wabadilishane kila nusu saa. Mwokoaji hakusanyi tiketi, hafagii, hashiki simu. Anayezama mara nyingi hapigi kelele. Anasimama wima, mdomo usawa wa maji, kimya. Mwokoaji apitishe macho eneo lake lote kila sekunde 10 na awe na uwezo wa kumfikia yeyote ndani ya sekunde 20.

Kabla ya kufungua, simama ukingoni upande wa kina kirefu. Kama huoni waziwazi tundu za chini za kufyonzea maji, bwawa halifunguliwi, hata kama basi la shule limeshaingia getini. Tundu hizo ziwe mbili au zaidi kwenye bomba moja, kila moja na mfuniko uliofungwa skrubu zote. Tundu moja lisilo na mfuniko linaweza kumnasa mtoto kwa nguvu ambayo watu wazima wawili hawaishindi. Kwa sababu hiyo swichi ya kuzima pampu iwe mahali mwokoaji anapofika kwa hatua chache.

Aliyetolewa majini asiyepumua: usimning'inize kichwa chini wala kumbinya tumbo maji yatoke. Mpe pumzi 5 za mdomo kwa mdomo, kisha bana kifua mara 30, pumzi 2, uendelee hivyo bila kupumzika. Mwingine apige 114 ya Zimamoto na Uokoaji na aandae gari la kwenda hospitali ya rufaa ya mkoa ya Mount Meru. Hata aliyezinduka akatembea apelekwe, kwani mapafu yanaweza kujaa saa kadhaa baadaye.

Uwanja wa nyasi

Ukoka unatosha kwa viwanja vyetu vingi. Unastahimili kukanyagwa na ukame. Uwanja wa mita 105 kwa 68 ni mita za mraba 7,140. Kiangazi unataka milimita 25 za maji kwa wiki, yaani mita za ujazo 178. Zimwage kwa mara mbili, usiku au alfajiri, zizame. Kunyunyiza kidogo kila siku kunafundisha mizizi kukaa juu, na siku maji yakikosekana uwanja unakauka ndani ya wiki. Kama huna maji ya kutosha uwanja mzima, mwagilia katikati na mbele ya magoli, pembe ziache zisubiri mvua. Nyasi za kahawia zitarudi, ardhi tupu haitarudi yenyewe.

Kata kila wiki wakati wa mvua, ubaki na sentimita 3 au 4, na usiondoe zaidi ya theluthi ya urefu kwa mkato mmoja. Mbolea weka mvua zikishashika: urea kilo 78, mifuko ya kilo 50 mmoja na nusu, kwa uwanja mzima. Igawe mafungu mawili sawa. Moja litembezwe kwa urefu wa uwanja, la pili kwa upana, ili usipate michirizi. Urea iliyolala juani bila maji inapotea hewani na inaunguza majani.

Kinachoua viwanja vya mtaani ni mechi za masika. Udongo wetu wa majivu ya volkano ukikanyagwa ukiwa umelowa hujifunga, maji hayapenyi tena, na Juni unapasuka. Kipimo ni kisigino: kandamiza kwa uzito wako wote katikati ya uwanja, maji yakichomoza kuzunguka kiatu, hakuna mechi. Kataa kwa maandishi, hata kama anayeomba ni mheshimiwa. Mwisho wa Mei toboa kwa uma wa bustani kina cha sentimita 10, kila sentimita 15, hasa mbele ya magoli. Magoli ya kuhamishika ni nafuu kubwa, kwani mbele ya goli huchakaa kabla ya kona. Ila yafungwe chini kwa vigingi kila siku. Goli la chuma lisilofungwa likimwangukia mtoto anayebembea juu yake linaweza kumuua.

Miti

Jakaranda zinapendeza Oktoba na Novemba, lakini usipande jiji zima jakaranda. Mringaringa na mfuruanje ni za kwetu na zina kivuli kipana. Mgrivea hukua haraka. Mikuyu ikae mbali na lami na mabomba, mikaratusi mbali na chemchemi. Shimo liwe sentimita 60 kila upande. Udongo wa juu weka kando, uchanganye na debe la samadi iliyooza, urudishe huo kwanza. Kila mche ndoo ya lita 20 mara mbili kwa wiki kwa viangazi viwili. Bajeti ya kupanda miche 500 bila bajeti ya kumwagilia ni bajeti ya kuni.

Februari, kabla ya masika, kagua kila mti mkubwa: uyoga kwenye kitako, ufa kwenye panda, matawi makavu juu ya njia. Tawi zito likatwe mara tatu. Mkato wa kwanza kutoka chini, sentimita 30 mbali na shina, uingie theluthi moja tu. Wa pili kutoka juu, sentimita 5 mbele ya wa kwanza kuelekea ncha, tawi lianguke. Wa tatu uondoe kisiki, nje kidogo ya mkunjo wa gome palipovimba. Ukikata mara moja kutoka juu, tawi litashuka na gome la shina lote, na kidonda hicho kitaozea ndani. Baada ya kukata, zibua mitaro yote. Mvua za Machi zisikute taka za kiangazi.

Watoto, vyoo na maji ya kunywa

Chini ya bembea na mtelezo weka mchanga kina cha sentimita 30, uenee mita 2 kila upande, na upitishwe reki kila asubuhi kutafuta vioo na kinyesi cha paka. Zege la nguzo lifunikwe na mchanga. Pengo lolote la kati ya sentimita 9 na 23 linapitisha mwili wa mtoto na kunasa kichwa. Lizibe au lipanue. Pete ya mnyororo iliyolika theluthi ya unene wake ibadilishwe siku hiyo hiyo. Mtelezo wa bati uwe kivulini, maana saa saba mchana unaunguza mapaja.

Vyoo visipokuwa na maji, vifunge na utoe tangazo. Choo kichafu kinafukuza akina mama na watoto kabla ya kitu kingine chochote. Kimoja kiwe na mlango wa upana wa sentimita 90 na mteremko wa kiti cha magurudumu usiozidi sentimita 1 kwa kila sentimita 12 za urefu. Kupanda kizingiti cha sentimita 15 unahitaji mita 1 na sentimita 80.

Bomba la kunywa lina jambo lake Arusha: floraidi. Maji ya visima na chemchemi nyingi za kuzunguka Meru yana floraidi kupita kiwango cha taifa cha miligramu 1.5 kwa lita, na alama yake tunaiona kwenye meno ya kahawia ya watoto wetu. Kuchemsha hakuiondoi, kunaizidisha, kwa sababu maji yanapungua na floraidi inabaki. Kisima cha bustani kimwagilie nyasi na kusafishia vyoo. Bomba la kunywa liunganishwe na chanzo kilichopimwa maabara, cheti kibandikwe ukutani, na mabomba mengine yote yaandikwe kwa rangi nyekundu "SI YA KUNYWA".

Fedha na ununuzi

Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, lakini makadirio hutayarishwa miezi mingi kabla. Mahitaji yako yawe mezani kwa mkurugenzi kufikia Novemba, yakiwa na namba kutoka kwenye daftari la mali. Tenganisha mafungu matatu: umeme na maji, dawa na vipuri, mishahara. Yakichanganywa, mishahara na umeme vitameza vipuri. Kiingilio chochote kilipwe kwa kontroli namba. Mhudumu wa geti asishike fedha taslimu, kwa usalama wake mwenyewe pia. Kazi za kufyeka, kufagia na kuotesha miche zinafaa kupewa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ambao sheria ya ununuzi wa umma imewatengea asilimia 30 ya bajeti ya manunuzi ya taasisi. Visajiliwe mapema kwenye NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi kwa mtandao, maana usajili wa kikundi huchukua muda kuliko kazi yenyewe.

Klorini usinunue ya mwaka mzima. Unga hupoteza nguvu ghalani, hasa kwenye joto, na ndoo iliyofunguliwa inavuta unyevu na kuganda. Nunua ya miezi mitatu, andika tarehe ya kupokelewa kwa kalamu ya wino mzito juu ya kila mfuniko, na ya zamani itangulie kutumika. Ukiona gramu 720 hazipandishi tena miligramu 1, shuku ndoo kwanza, kisha kipimo, na pampu mwisho.